Mtumwa Wangu, Fimbo ya Nyamizi Imekwisha

Maganga, Mnyamwezi wangu,

Anayekuandikia hapa ni fundi mkuu wa fimbo za kuvulia samaki kwenye barafu, Australia nzima, kuanzia Sydney mpaka huko unakoishia mchanga. Simu hainyamazi. Wazungu wamepanga foleni kutoka mlangoni kwangu mpaka stesheni ya St Marys, wanabembeleza, mzee Kondo tutengenezee na sisi. Nimewaambia wasubiri, namwandikia marehemu kwanza.

Haya, cheka umalize. Foleni hakuna. Aliyepiga simu ni yule kijana wa bima, na yeye alikuwa anakutafuta wewe. Fimbo nilizotengeneza ni tatu. Moja imegandana na meza hii ninayoandikia, kila nikisogeza karatasi inanichoma kiwiko. Ya pili inafaa kufukuzia paka. Ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, mimi ambaye hata kadi ya Idi huandikiwa na binti yangu. Ngoja nikueleze polepole, maana wewe uliiacha kazi katikati ukaenda zako kufa. Ndiyo tabia yenu. Mzigo mnaupokea kwa nyimbo, kuufikisha mnamwachia Mzaramo.

Mwandiko uuvumilie. Unajua shule niliiacha darasa la nne, mwalimu alipoanza kuleta hesabu za nusu na robo. Wewe ulifika la saba, ukajifanya profesa pale kiwandani Smithfield, ukinisomea maandishi ya kwenye maboksi kama padri anayesoma Injili. "Shikilia hapa. Usiweke juu chini." Mwinjilisti wa maboksi! Miaka yote ile tumebeba makatoni pamoja, na sikumbuki siku hata moja iliyopita hujanitukana. Nikichelewa, "Mzaramo alikuwa ngomani." Nikiwahi, "Mzaramo leo kafukuzwa na mkewe." Wale Wavietnamu wa zamu yetu walidhani tuna kesi. Msimamizi alituita ofisini mara moja, akatuuliza kwa upole kama tunahitaji mtu wa kutupatanisha. Tulicheka mpaka ukashika ukuta. Ungemwelezaje mtu yule kwamba babu zako walikuwa wakipita kwetu Uzaramo na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani, na babu zangu wakawacheka miguu yenye vumbi, na babu zako wakawacheka wao kwa uvivu, na katika kuchekana huko wakawa ndugu wa kuzikana? Ulimwambia tu, "Bosi, huyu ni mtumwa wangu." Na mimi nikamwambia, "Hapana bosi, wangu ni huyu." Alifunga faili akatupa chai.

Sasa nikukumbushe fimbo ilivyoanza, maana wafu nasikia mnasahau.

Binti yako Nyamizi alikuwa ameshahamia Kanada, anauguza wagonjwa katika ule mji wa Winipegi ambao jina lake hukuwahi kulitamka bila kutema mate. Akakutumia picha. Umekaa kibarazani kwako, miwani imeshuka puani, unaniita, "Mzaramo, njoo uone mwanangu amerogwa." Kwenye picha mtoto kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya ziwa jeupe, kajifunga manguo mpaka yanaonekana macho tu, na mbele yake kuna tundu barafuni. Kwenye tundu kaingiza mshipi. Anavua! Kakaa juu ya maji, anavua! Ulimpigia hapo hapo ukamwambia atoke, barafu itavunjika. Akakujibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba hapo wanapita hata na magari, na kwamba wenzake wa kazini ndio waliomfundisha. Ukakata simu, ukavua miwani. Nikajua unaogopa. Mtoto mmoja uliyenaye, mama yake keshatangulia, na yuko peke yake mahali ambapo maji yanakuwa sakafu.

Kesho yake ulikuja na jambo lingine. Ulikuwa umekuza picha kwenye simu mpaka ukaiona fimbo aliyoshika. Kafimbo kafupi, urefu wa mkono wangu kutoka begani hadi kiganjani, kwa sababu mtu kalikalia tundu lenyewe, fimbo ndefu ya nini? Ya plastiki, ya dukani, ya rangi ile ya peremende. Ukasema, sijasahau, "Mtoto wangu akae kwenye barafu na fimbo ya plastiki, kama hana baba?"

Nikakucheka. Nikakwambia Mnyamwezi akiona maji mengi hutafuta daraja, sasa wewe utengeneze fimbo ya kuvulia, tena ya barafu, tena Sydney, ambako barafu tunaiona kwenye glasi tu? Ukaniambia nifunge mdomo na nisimwambie Nyamizi, unataka imfikie kama kitu kilichodondoka mbinguni. Ukaagiza vitu, vikaja kwenye boksi. Na kabla hujafunga hata uzi mmoja, moyo ukasimama ukiwa jikoni, chai inachemka.

Chai ile niliizima mimi. Sijakwambia hilo. Nilikuja kukutukana kama kila Jumapili, nikakuta...

Basi. Tuendelee.

Nyamizi alikuja kukuzika. Na pale makaburini, Maganga, nilifanya kazi yangu. Hilo nakwambia kichwa kikiwa juu. Padri kamaliza kusali, wanataka kukuteremsha, mimi nikatoka nikaenda nikakaa juu ya kifusi cha udongo, nikakumbatia koleo. Nikapaza sauti, "Hazikwi mtu hapa! Huyu mtumwa wangu, ametoroka na kazi yangu haijakwisha! Nani anamkomboa?" Nikakusema miguu yako. Nikakusema unavyokoroma kwenye treni mpaka ukapelekwa Penrith na kurudishwa. Nikasema hata jeneza hili umelazimishwa, ungepewa nafasi ungeomba la mkopo.

Ingekuwa Tabora, unajua mwenyewe. Watu wangeangua kicheko na machozi yakiwatoka. Dada yako angekuja na kuku mkononi, angenitukana matusi ya kunivua nguo, angenikabidhi yule kuku, na mimi ningeinuka, nikashika koleo, nikakuzika kwa mikono hii. Ndivyo mtani anavyozikwa. Mtu akitukanwa kaburini, walio hai wanapata mlango wa kutokea kilioni.

Hapa mlango haukufunguka. Padri aliangalia kitabu. Wale wanaume wa suti nyeusi wa kampuni ya mazishi waliangalia viatu vyao. Wakenya wa kanisani kwako walijikohoza. Na Nyamizi, aliyekulia hapa hapa St Marys, ambaye Kiswahili anakisikia lakini utani hajawahi kuuona ukifanya kazi, alisikia neno moja tu. Alinijia. Aliongea taratibu, na kwa Kiswahili, yeye ambaye tangu utotoni hunijibu Kiingereza. "Anko, umemwita baba yangu mtumwa. Mbele ya hawa." Akawatazama wale wenye suti. Mmoja wao akaja akalichukua koleo mikononi mwangu.  

Nikashuka kwenye kifusi. Walikuzika wao, kwa mashine.

Nilikaa na jambo lile nikiligeuzageuza. Binti yangu Mwajuma aliniambia niombe radhi yaishe. Nikamwambia radhi ya nini, kwa kumlilia ndugu yangu kwa lugha aliyoipenda? Lakini hata mimi naelewa, sikuishia la nne kwa ujinga. Utani ni kupokezana mzigo. Ukiutupa na upande wa pili hakuna mikono, unamwangukia mtu mguuni. Mtoto yule umemwangukia. Na mimi sikutaka kumwambia "samahani" halafu aondoke akiamini maisha yake yote kwamba baba yake alikuwa na rafiki mmoja tu mkubwa, na rafiki huyo alikuja kumdhalilisha mazikoni. Nilitaka ajue. Nilipiga simu, hakupokea. Nikatuma ujumbe, zikaja tiki mbili za buluu, na kimya.

Kabla ya kurudi Kanada alifunga nyumba yako. Makochi, vyombo na lile kabati lako lililoinama akavipanga barabarani kwa ajili ya gari la halmashauri linalozoa vitu vikubwa. Nilipita kwa mguu asubuhi, na usiseme nilikuja kuiba, nilikuja kuangalia tu. Chini ya kabati nikaliona lile boksi. Halijachanika. Yeye angejuaje? Ndani kuna vijiti vyembamba, vipande vya mviringo vya lile gome jepesi la vizibo vya chupa, uzi, na vichupa vya gundi. Takataka. Nikaliweka kwapani nikatembea haraka, mtu mzima, kama kibaka wa Kariakoo.

Hapo ndipo nilipoamua. Mtani mdomo wake hutukana lakini mikono yake ndiyo inayochimba, ndiyo inayopika, ndiyo inayomalizia alichoacha mwenzake. Koleo walininyang'anya. Fimbo hawakuninyang'anya. Nikasema barafu ya Kanada haitaganda mwaka huu kabla fimbo hii haijafika mkononi mwa mtoto yule. Nilisema kwa sauti, Mwajuma akadhani nazungumza na televisheni.

Sasa ujue kazi uliyoniachia, mwanaharamu wewe.

Nilijifunza kwa video za simu. Kuna mzee mmoja huko kwenye theluji, ana ndevu kama mopu, anatengeneza fimbo gereji kwake. Kiingereza chake nilikuwa napata nusu, nikaamua kumtazama mikono. Fimbo ya kwanza nilifanya kwa haraka, kwa kiburi. Nikachukua ufito mmoja kati ya zile tatu ulizoagiza, nikapenyeza vile vizibo vikawa mpini, nikafunga pete za kupitishia mshipi kwa uzi, nikapaka gundi, nikailaza mezani ikauke. Nikaenda kuswali. Niliporudi gundi yote imeteremka kwa chini, imefanya matone kama pua ya mtoto, na matone yameshika meza. Nilivuta. Mwajuma alivuta. Nikamwambia iache, sasa meza ina mkono.

Kumbe gundi ile lazima fimbo izungushwe ikiwa inakauka, polepole, bila kusimama, saa na saa, ndipo inalala sawasawa pande zote. Yule mwenye ndevu ana kimashine. Mimi nina nini? Nikazunguka nyumba nzima, mpaka macho yakatua kwenye jiko letu la kuchomea nyama uani, lile ulilotununulia Mwajuma alipopata kazi, lenye mota ya kuzungushia kuku. Nikaing'oa. Fimbo ya pili ikazunguka pale alipokuwa akizunguka kuku, taratibu, inang'aa, na mimi nimekaa pembeni kwenye kiti kama nasubiri paja.

Na kitu kingine nilichojifunza, hiki ungekipenda. Ufito una uti wa mgongo. Kwa macho huuoni, wote ni mviringo tu. Lakini unausimamisha mezani, unaukandamiza kwa kiganja ujipinde, halafu unauviringisha kwa vidole. Kuna mahali utagoma, halafu utaruka wenyewe, paa, ugeukie upande uutakao. Hapo ndipo mgongo wake. Ukifunga pete upande mwingine, samaki akivuta, fimbo itajisokota mkononi. Nilicheza na ufito ule mchana mzima. Nauviringisha, unaruka. Nauviringisha, unaruka. Nikasema huu ni Mnyamwezi kabisa, kila ukimgeuza anarudi kule kule alikotaka mwenyewe.

Pete boksini hazikuwemo, tangu mwanzo nilizifuata Bankstown. Kuna duka la vifaa vya uvuvi, mwenyewe Mlebanoni, mtu wa makamo, mchangamfu. Nikamwambia nataka pete za fimbo ya barafu. Akaniangalia, akaangalia nje, jua linapasua lami. "Ammo," akaniita, ndivyo wanavyowaita baba wadogo kwao, "unakwenda kuvua kwenye friji?" Akaniuzia pete ndogondogo nzuri, za fimbo nyepesi, akasema hizi ndizo. Nikaamini. Mimi na yeye tulikuwa tunajua barafu sawasawa: ya kwenye sharubati.

Lakini maneno yake ya friji yalinikaa kichwani. Nikawaza, mimi nampelekea mtoto fimbo ya baridi na haijawahi kuonja baridi? Nikaichovya fimbo ya pili majini na mshipi wake, nikailaza kwenye friza la Mwajuma, kati ya kuku na bamia. Mwajuma katoka kazini kwake kwa wazee, kachoka, kafungua friza kutafuta nyama. "Baba! Umegandisha nyoka?" Nikamwambia asiguse, ni utafiti. Nilipoitoa, zile pete ndogo zimejaa barafu zote, zimeziba kama matundu ya sindano kwenye theluji, mshipi hauendi mbele wala nyuma. Samaki angechukua chambo na kukaa kitako kusubiri Nyamizi apulizie pete kwa mdomo. Ndiyo maana nakwambia ya pili ni ya paka.

Nikarudi Bankstown. Nikamwambia yule Mlebanoni, mwanangu, umenidanganya na mimi nimekudanganya, nipe pete pana, kubwa, mpaka uzione mbaya. Alicheka, akaziagiza.

Ya tatu sikuiharakisha. Ulikuwa umebaki ufito mmoja tu. Nilitafuta mgongo wake, nikauwekea alama. Nikasaga miguu ya pete kwa tupa ili uzi upande bila kukwama. Uzi ulioununua ni mwekundu na wa kijani, sijui ulikuwa unafikiria nini, labda Krismasi. Nikaufunga duru kwa duru, kila duru imelalia mwenzake, macho yananitoka machozi, ya uzee tu, usijitie. Duru moja ikapanda juu ya mwenzake, nikafumua. Nikafunga tena. Nikafumua tena. Mwajuma akaniambia, "Baba, mbona unajitesa, hata hajui." Nikamwambia ndiyo maana.

Ilipokwisha nilijaza maji kwenye lile boksi la kuwekea vinywaji, nikaligandisha kwenye friza, nikalitoa uani, nikatoboa tundu kwa keekee ya umeme. Nikapindua ndoo nikakaa. Nimevaa kaptula na singlendi, jasho linanitoka, naning'iniza mshipi kwenye tundu la barafu. Jirani yetu Mzungu akachungulia juu ya ua. Alinitazama kwa muda. Akaniuliza, "Vipi, wanakula?" Nikamjibu, "Leo wamegoma." Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mvuvi kwa mvuvi, akaenda zake. Mshipi ulipita, Maganga. Ulikwenda na kurudi. Pete zilishika barafu kidogo, nikazipiga kwa kidole, zikaachia.

Lilibaki jina. Mafundi huandika juu ya mpini kwa kalamu nyeupe, halafu gundi inapita juu, maandishi yanakaa milele. Nikaandika kwa herufi kubwa, ulimi nje: MAGANGA KWA NYAMIZI. Langu sikuweka. Nikapaka gundi, nikaiwasha mota ya kuku. Ilipokauka nikamwita Mwajuma asome kwa sauti nisikie ilivyo tamu. Akasoma, akasita. Fimbo fupi, herufi zangu nene, nafasi iliniishia nikagota kwenye uzi wa pete. Pale pameandikwa MAGANGA KWA NYAMIZ. Herufi ya mwisho imebaki hewani. Na gundi imeshakuwa kioo.

Nilitaka kuivunja. Wallahi nilitaka. Lakini ufito mwingine hakuna, na huko Kanada maziwa yalikuwa yanaanza kuganda. Tukaiingiza kwenye bomba la plastiki la fundi bomba, tukaifunga. Nikaomba karatasi. Mwajuma akanisimamia, ananionya, "Usiandike lile neno, Baba." Kalamu ilikuwa imeshaandika "mtu", nusu ya lile neno. Ile u nikaigeuza a, nikaendelea. Niliandika hivi: "Fimbo hii aliianza baba yako. Imemaliziwa na mtani wake. Kama hujui mtani ni nini, mpigie shangazi yako Tabora." Basi. Radhi sikuomba. Salamu sikuweka.

Halafu nikasubiri. Huko kusubiri nisikueleze. Mwajuma aliniambia kwenye simu inaonyesha kifurushi kimefika, kimepokewa. Kimya. Nikasema basi, kaitupa barabarani na hii. Nikajifanya sijali, nikarudisha mota kwenye jiko, nikachoma kuku, sikula.

Juzi, jua linachoma mpaka ndege wamefungua midomo, simu ikalia mlio wa ujumbe. Sauti. Nikabonyeza. Kwanza upepo tu, upepo mkubwa wa mahali pasipo na miti. Halafu yeye.

"Anko Kondo. Ni mimi."

Upepo tena. Nikaongeza sauti ya simu.

"Nimempigia Shangazi. Amecheka mpaka amelia. Amesema kama ungenyamaza pale kwenye makaburi, basi hiyo ndiyo ingekuwa matusi kwa Baba." Kiswahili chake kinateleza, unakijua, lakini hakukimbilia Kiingereza. "Alisema mtani halii. Alisema kwa yale matusi wewe ulikuwa unalia."

Nikakaa chini. Kiti kilikuwa mbali kidogo, nikakaa chini tu.

Halafu sauti ikabadilika. Ikawa kavu. Ikawa yako, Maganga, ile ya asubuhi kiwandani ukiniona naingia nimechelewa. "Sasa nisikilize, Mzaramo. Umekula herufi ya jina langu. Mwizi. Umezoea ngoma, kuandika hujui. Mtumwa wangu wewe, nataka i yangu."

Tangu uondoke hakuna mtu hata mmoja aliyeniita mtumwa. Watu hapa wananiheshimu, Maganga. Wananipisha kwenye basi. Wananiongelesha polepole. Nilidhani nitakufa hivyo hivyo, nimeheshimiwa. Niliirudia sauti ile mpaka Mwajuma akaja kuona nani ananitukana sebuleni, akanikuta nimekaa sakafuni na simu kifuani, akaisikiliza na yeye. Tangu hapo naye ananiita mwizi wa herufi.

Nilimjibu Nyamizi, ndiyo. Nilimwambia Wanyamwezi kwa kudai hawajambo, na kama angezaliwa na jina fupi yasingetokea. Ameshanijibu. Ana kipaji, bado hajapata ule ukali wa kupenya mfupani, lakini atapata. Kila Jumapili, saa ile niliyokuwa nikija kwako, nitampigia, na nitamtukana mpaka ajue matusi yote ya upande wenu na wetu, kuanzia ya kuamkiana mpaka ya kuzikana. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na unajua mimi nikishika jambo. Siku yangu ikifika hapa Sydney atakuwepo Mnyamwezi wa kukaa juu ya kifusi changu na kukataa nisizikwe. Hao wa suti nyeusi wataangalia tena viatu vyao. Waangalie.

Lala basi, ndugu yangu. Lala kwa upande, unakoroma ukilala chali, na hapo jirani zako ni watu wa heshima.

Ila kabla hujalala, kuna kitu. Pale makaburini nilikaa kwenye kifusi na hakuna aliyenikomboa, hata kuku, hata yai. Ada yangu ya utani bado iko kwako. Sasa nataka unilipe. Nyamizi anasema kila siku ya mapumziko anakwenda na fimbo yetu, anakaa kwenye ndoo, wenzake wanavuta samaki kushoto na kulia, yeye hajapata hata mmoja. Wameanza kusema ni fimbo. Wewe uko chini, na samaki wako chini, nyinyi ni wa mtaa mmoja. Mshike mmoja umsogeze kwenye ndoana yake, umsukume kidogo tu kwa nyuma. Mdogo, tafadhali. Mkubwa usithubutu, maana pete ya tatu kutoka juu mimi mwenyewe siiamini.